Gereji iliyoninyooshea gari baada ya ajali

Gari langu liligongwa mbele upande wa kushoto. Bampa lilipasuka, boneti na madigadi yakakunjika, lakini kilichonitia wasiwasi zaidi ni usukani, ambao ulivuta upande mmoja hata mahali barabara ilipokuwa imenyooka. Kwa hiyo nilipozungukia gereji mbalimbali sikuwa natafuta fundi hodari wa kupaka rangi, bali mtu ambaye angepima kwanza.

Wengi hawakupima. Fundi mmoja alilizunguka gari, akanitajia bei papo hapo na kunihakikishia kwamba litang'aa, bila kuinama hata kidogo kutazama chini. Gereji niliyoichagua ilikuwa ya kawaida tu kwa sura, ila msimamizi wake alikataa kunipa bei kamili mpaka bampa lifunguliwe, kwa kuwa, alivyoeleza, madhara makubwa hujificha nyuma yake. Kukataa huko ndiko kulikonivutia.

Gari lilifungwa kwenye benchi la kunyooshea, kisha wakapima umbali wa mshazari kati ya matundu maalumu ya chini ya bodi na kuulinganisha na vipimo vya mtengenezaji. Magari mengi madogo ya siku hizi hayana chesisi inayojitegemea. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba injini na miguu ya gari, hivyo mhimili wa mbele (boriti ya chuma ya bodi inayoelekea kwenye bampa) ukisogea milimita chache tu, pembe za magurudumu huharibika na tairi huanza kulika upande. Nilioneshwa kwenye karatasi kwamba mhimili wa kushoto ulikuwa umerudi nyuma milimita 9.

Niliuliza pia kama wangetumia moto, kwa sababu fundi wa kwingine alikuwa ameniambia kwamba gesi ingemaliza kazi yote. Hapa walinijibu kwamba chuma cha nguvu ya juu kikipashwa moto hovyo hupoteza uimara wake, na kwamba ncha ya mhimili iliyokunjika ingekatwa na kubadilishwa pale pale mtengenezaji anapoelekeza. Viungo vilivyochomelewa vilipakwa dawa ya kuzuia kutu kabla ya kufunikwa, jambo ambalo mteja halioni tena rangi ikishapigwa, na ndiyo maana nilishukuru kupewa picha zake.

Nilipokwenda kulichukua gari nilipitisha sumaku iliyofungwa kitambaa juu ya madigadi, nayo ikashika sawasawa kila mahali, ishara kwamba hakuna puti nene, ile ya kujazia mabonde, chini ya rangi. (Kwa bampa la plastiki kipimo hiki hakifai kitu.) Nafasi kati ya boneti na madigadi zililingana pande zote mbili, na usukani uliacha kuvuta.

Sikuridhika na kila kitu. Kazi ilichelewa kwa sababu ya taa, na ilinibidi nipige simu mwenyewe ili nijue sababu. Rangi ya bampa nayo inatofautiana kidogo na ya boneti ukiitazama juani. Walijitolea kulirudia, nami bado sijapata nafasi ya kulipeleka.

Dhamana yao ni ya maandishi na inahusu rangi pamoja na uchomeleaji, lakini haigusi spea ambayo mteja ameileta mwenyewe, kwa hiyo anayepanga kununua taa au boneti ya mtumba nje ya gereji alizungumzie hilo kabla ya kutia saini.