Kadi ya FireWire ndiyo iliyoniokoa: uzoefu wangu baada ya kubadili kompyuta, Mtwara

Mimi napiga video za harusi na shughuli hapa Mtwara tangu enzi za kanda, na mpaka leo sehemu ya riziki yangu ni kuhamishia watu kanda kwenda kwenye flashi. Kazi yenyewe ina msimu, hela za korosho zikiingia tu watu wanakumbuka makabati yao, anakuja mtu na mfuko wa rambo umejaa kanda za 2003, 2005, zingine zimeota ukungu kwa huu unyevu wetu wa pwani, anakwambia mwanangu nitolee hii, marehemu mzee yumo humu.

Sasa nilikuwa na deskitopu yangu ya Windows 7, toleo la biti 32 (la zamani, siku hizi ni biti 64), chakavu kweli lakini kwenye kukapcha, yaani kuingiza picha za kanda kwenye kompyuta, ilikuwa haikosei. Nikajiona mjanja, nikaiuza kwa kijana mmoja wa steshenari Chikongola, nikanunua deskitopu ya mtumba ya Core i5 kizazi cha 8, maana kwa upande wa Intel Windows 11 inaanzia hapo, na Windows 10 yenyewe ilishaachwa kuhudumiwa 14 Oktoba 2025 kwa hiyo sikutaka kununua maiti. Kwa kuhariri mashine hii ni moto, sina neno. Shida ilianza siku nilipochomeka vifaa vyangu vya kanda.

Kwanza kile kidude cha USB chenye waya tatu, nyekundu nyeupe na njano, ambacho nilikuwa natumia kutoa kanda kubwa za VHS kwenye deki. Jina sitaji, na hata ningetaja isingesaidia, hivi vidude vinafanana sura lakini ukivifungua ndani chipu ni tofauti kabisa, kwa hiyo draiva (ile programu inayoifanya kompyuta ikitambue kifaa) ya mwenzako haikufai. Draiva yangu ilikuja kwenye sidii, kompyuta mpya haina hata pa kuweka sidii. Nikaomba mtu akanikopia kwenye flashi, kumbe ni ya biti 32, na Windows 11 haina toleo la biti 32 hata moja, draiva ya namna hiyo haiingii utake usitake. Fundi mmoja akanitafutia ya biti 64 mtandaoni, hiyo nayo haina saini ya kidijitali ambayo Windows inaidai kabla ya kuikubali draiva, akaiwasha kompyuta kwa ile njia ya kuzima ukaguzi wa saini za draiva, ikakubali, picha hiyo! Nikamlipa, nikashukuru, nikaanza kanda ya mteja. Dakika ya arobaini umeme ukakatika. Uliporudi nikawasha, alama ya njano ya mshangao, ya kuonyesha kifaa hakifanyi kazi, imerudi palepale, maana ule ukaguzi unazimika kwa mara hiyo moja tu, ukizima na kuwasha unajirudisha. Sasa kwa umeme wa kukatika katika na mimi sina hata UPS (betri ya akiba ya kompyuta), hiyo si kazi hiyo ni kamari. Halafu hata kilipokuwa kinafanya kazi sauti ilikuwa inachelewa nyuma ya midomo kadiri kanda inavyokwenda, bibi harusi anacheka sasa hivi kicheko unakisikia baadaye.

Upande wa kanda ndogo za MiniDV, nilipouza ile ya zamani kadi yake ya FireWire, ile yenye poti ya kuunganisha kamera kwa waya, niliichomoa nikabaki nayo, najua nitaichomeka kwenye mpya. Wapi, ile ni ya PCI ya zamani, mpya ina nafasi za PCI Express tu, haziingiliani. Nikaagiza ya PCI Express Kariakoo ikaja na basi, kadi na nauli ya mzigo ikanitoka elfu 65.

Hapa nisikilizeni vizuri wenye kazi kama yangu. Ukiichomeka Windows 11 inaitambua yenyewe, hata jina la kamera linatokea, lakini picha haiji, au inakuja fremu mbili inaganda. Nilikaribia kuirudisha Dar. Kumbe kadi ni nzima, shida ni kwamba kuanzia Windows 8 ile draiva ya zamani ya FireWire iliondolewa, Microsoft wakaiweka pembeni kama pakiti ya kushusha mwenyewe. Ukishaiweka, nenda kwenye orodha ya vifaa (Device Manager), bonyeza kadi yako, chagua draiva kwa mkono, chukua ile iliyoandikwa Legacy mwishoni. Nimefanya hivyo nikafungua WinDV, programu ndogo ya bure ya miaka hiyo, kamera ikaanza kutiririka kama vile hakuna kilichotokea. Tangu siku hiyo nimetoa kanda kumi na nne, umeme umekatika mara sijui ngapi, nikiwasha inaendelea.

Angalizo la waya: zima kamera na kompyuta kabla ya kuchomeka, ile poti kubwa ya pini 6 inapitisha umeme, ukikosea unaunguza poti ya kamera na kamera hizo hazitengenezwi tena. Na diski ya kuhifadhia iwe imefomatiwa kwa mfumo wa NTFS, saa moja ya DV (video ya hizo kanda ndogo) inakula kama GB 13, yangu ilikuwa FAT32 ambayo haibebi faili zaidi ya GB 4, nikawa nakatikiwa kila kama dakika 19 nalaumu kadi bure.

VHS je? Kamera yangu ina njia ya kuingiza AV (picha na sauti kutoka kifaa kingine), kwa hiyo deki naichomeka kwenye kamera, kamera inabadilisha kuwa DV papo hapo inapeleka kwa FireWire, na sauti inakaa na midomo. Angalia yako kwanza, kamera nyingi zilizouzwa Ulaya njia za kuingiza zilifungwa kukwepa ushuru.

Nimejaribu pia kidude cha HDMI kwa kamera mpya, hicho hakitaki kuwekewa draiva yoyote, OBS, programu ya kurekodi, inakiona mara moja. Kilinisumbua sauti tu, picha ipo kimya, mpaka nikaingia kwenye mipangilio ya faragha ya Windows nikaruhusu programu zitumie maikrofoni, maana Windows inaihesabu sauti yake kama maikrofoni.

Kadi naipa nyota tano, draiva yake naikata moja kwa usumbufu. Bibi wa Mikindani kachukua flashi yake juzi, mzee anaonekana kwenye sindimba kashika kiuno, bibi kaomba nirudishe nyuma mara tatu. Kile kidude cha waya tatu kipo mezani kwangu, anayekitaka aje na Windows 7 yake. Kijana wa steshenari nimeshamuuliza, ile deskitopu hauzi.