Plough Lane ya Sasa: Mpira Umerudi Nyumbani, Mbio Zimekosa Pa Kwenda

Uwanja wa AFC Wimbledon uliopo Plough Lane, kusini-magharibi mwa London, ni uwanja mzuri wa mpira, na ninausifu bila kusita. Majukwaa yako karibu mno na nyasi, na ukubwa wake, wa watazamaji wapatao 9,000, unaifaa klabu iliyoundwa na mashabiki wenyewe mwaka 2002 baada ya klabu ya awali kuruhusiwa kuhamia Milton Keynes. Mechi ya kwanza ilichezwa hapa Novemba 2020, jirani kabisa na kiwanja ambacho timu ya zamani ilikiacha mwaka 1991. Watu walionyang'anywa kwao walipigania haki yao hadi wakarudi, nami nimefurahi pamoja nao.

Hata hivyo, siwezi kuishia kwenye mpira, kwa sababu ardhi hii haikuwa tupu. Hapa palikuwa na Wimbledon Stadium, uliofunguliwa mwaka 1928, ambao kwa miongo kadhaa ulikuwa makao ya mbio za mbwa, za pikipiki na za magari. Ndipo palipofanyika fainali za Derby, mashindano makubwa zaidi ya mbio za mbwa ya Uingereza, kuanzia 1985 hadi 2016, baada ya uwanja wa White City, zilikofanyika awali, kufungwa mwaka 1984. Mbwa walikimbia kwa mara ya mwisho tarehe 25 Machi 2017, na kesho yake magari nayo yakaaga. Leo uwanja wa mpira umezungukwa na fleti zipatazo 600.

Kilichopotea hakielezeki vizuri kwa asiyewahi kusimama kando ya njia ya duaradufu iliyobanwa katikati ya mji. Mashindano ya mikweche, ambayo ndiyo yaliyowavuta wengi Wimbledon, hutumia magari makuukuu yaliyong'olewa vioo na viti vya abiria, yakafungwa mabomba ya chuma ya kumkinga dereva, kisha yakaachiwa yagongane kwa makusudi. Kwa kuwa njia ni fupi, dereva hana mahali pa kupumzikia: akitoka kona moja ameshaikuta nyingine, na mtazamaji anaona mbio nzima bila kugeuza shingo. Harufu ya matairi humfikia kila mtu, aliyelipa kiti cha juu na aliyesimama chini. Fundi wa mtaani mwenye gari la kutupwa na marafiki wawili wenye spana aliweza kushindana humo, jambo ambalo katika michezo mingine ya magari haliwezekani bila fedha nyingi.

Kwa upande huu, mradi wa Plough Lane umeshindwa kabisa. Halmashauri ya Merton, inayosimamia eneo hili, iliupa kibali mwaka 2015, klabu ikapata kwake na wanunuzi wakapata fleti, lakini hakuna mita hata moja ya njia ya mbio iliyobakizwa. Hoja kwamba mbio zingehamia kwingine ni dhaifu. Waandaaji wa mbio mara nyingi ni wapangaji tu, hivyo ardhi inapopanda thamani hawana sauti mezani, na kelele ya injini huzifanya halmashauri zisite kuruhusu njia mpya karibu na makazi. Baada ya hapo shabiki wa kusini mwa London alilazimika kusafiri hadi Tongham, karibu na Aldershot, nje kabisa ya jiji.

Huko Walthamstow, kaskazini-mashariki mwa London, ambako mbwa waliacha kukimbia mwaka 2008, angalau sehemu ya mbele ya uwanja yenye taa zake maarufu ilihifadhiwa, ingawa nyuma yake ni nyumba. Ninaithamini hatua hiyo kwa macho, ila ukuta haukimbizi gari.

Kwa mpira ninaipa Plough Lane nyota tano. Kwa namna ilivyowatendea waliokuwapo kabla, sitoi hata moja. Na asiseme mtu kwamba haikuwezekana. Uwanja wa Oxford ulifungwa mwaka 2012 na ukatakiwa kwa ajili ya nyumba, lakini halmashauri ilikataa, ikautangaza kuwa eneo la hifadhi, na mwaka 2022 mbio za pikipiki na za mbwa zilirejea pale pale.