DDU, programu ya kufuta draiva, imeniepusha kupiga windo: uzoefu wangu

Kazi yangu ni kuhariri video za harusi na vipaimara hapa Sinza, kwa hiyo kadi ya grafiki ndiyo mkono wangu wa kulia. Mashine ilikuwa haina neno mpaka draiva mpya ya kadi, yaani programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi, ilipoingia. Tangu hapo, nikifungua DaVinci Resolve na kuanza kupanga klipu, kioo kinakuwa cheusi ghafla. Sauti ya MC inaendelea kidogo, nayo inakata, kisha picha inarudi na programu imeshajifunga.

Windows huipa kadi sekunde 2 kujibu. Ikikaa kimya kupita hapo, draiva inazimwa na kuwashwa upya, na tukio linaandikwa kwenye Event Viewer, daftari la matukio la Windows, kwa namba 4101. Kwangu namba hiyo ilikuwa imejaa.

Niliipeleka Kariakoo. Fundi aliiwasha, akaitazama kidogo, akasema, "Bosi, hii mpaka tupige windo. Na kadi nayo sijui kama itapona." Hakufungua Event Viewer wala kuniuliza kilichobadilika. Kupiga windo, yaani kufuta Windows na kuiweka upya, kwangu maana yake ni kupanga upya programu zote, fonti, mipangilio ya rangi, na kuchoma bando kupakua vitu nilivyokuwa navyo, huku bibi harusi anapiga simu kuulizia video yake. Nilibeba mashine yangu nikaondoka.

Nyumbani nilijaribu kurudisha draiva ya zamani kupitia Device Manager, lakini kitufe cha Roll Back Driver kilikuwa kimefifia, kwa sababu hakuna ya zamani iliyohifadhiwa. Nikaiondoa kwa njia ya kawaida, nikaweka toleo la nyuma. Tatizo likabaki palepale.

Ndipo nikatumia Display Driver Uninstaller, wengi wanaiita DDU. Ni ya bure, na inafuta draiva za NVIDIA, AMD na Intel pamoja na mabaki ambayo njia ya kawaida huyaacha. Pakua kwanza draiva unayoitaka, weka kwenye flashi, kisha kata intaneti, maana Windows ikipata mtandao inaweza kukuwekea draiva yake kabla hujamaliza. Shikilia Shift huku ukibonyeza Restart, ufuate menyu hadi Startup Settings, uchague 4 kuingia hali salama (Safe Mode), ambako Windows huwaka na vitu vya lazima tu. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, uwe na ufunguo wake mkononi kabla hujaanza. Ndani ya DDU chagua GPU (yaani kadi ya grafiki), chagua kampuni ya kadi, bonyeza kitufe cha kusafisha na kuwasha upya.

Ikiwaka utaona maandishi makubwa na picha mbaya. Usishtuke, kadi haina draiva kwa wakati huo. Weka ile ya kwenye flashi. Mimi niliweka, nikafungua harusi ileile iliyokuwa ikinigomea, ikatoka yote bila kukatika.

Naipa nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa sababu ya lile dirisha la mipangilio lililojaa visanduku, ambalo mtu mgeni anaweza kuweka tiki asipopaswa. Acha vilivyo.

Ukishasafisha hivi na 4101 ikaendelea kujitokeza, shuku joto au kadi yenyewe. Hapo mwone fundi, na umwombe aanze na vumbi la feni kabla ya kugusa Windows.