Kitufe cha kasi kwenye vitabu vya kusikiliza: nyota nne kutoka kibanda cha fundi, Kibuye

Wengine hukagua vitabu, mimi leo nakagua kitufe. Ni kile kidogo kilichoandikwa 1.0x, yaani kasi ya kawaida ya msomaji, karibu na alama ya kucheza. Wengi hawakigusi kabisa, na walio wepesi wa kukigusa hukisukuma moja kwa moja hadi 2.0, kisha wakaanza kuwahesabia watu vitabu walivyomaliza. Mimi ni fundi wa nguo hapa Kibuye, Kisumu. Nasikiliza nikiwa kazini, sikio moja lina spika, la pili liko wazi kwa mteja na kwa pikipiki zinazopita karibu kugusa meza yangu ya pasi. Simu yangu ni Android ya kawaida, na programu nilizopitia ni za bure au zina sehemu ya bure.

Hesabu kwanza. Chukua kitabu cha saa 10. Kwa 1.25 kinakuwa cha saa 8, yaani umeokoa saa 2 nzima na msomaji bado anasikika kama mtu. Panda hadi 1.5, kinakuwa cha saa 6 na dakika 40, kwa hiyo hatua hiyo ya pili imekupa saa 1 na dakika 20 tu. Kutoka 1.5 hadi 1.75 unapata dakika 57. Kutoka 1.75 hadi 2.0 unapata 43. Hatua ni zile zile, malipo yanapungua. Audible, programu ya vitabu vya kusikiliza ya Amazon, wanakuruhusu kufika 3.5, lakini kutoka 3.0 hadi 3.5 kitabu hicho hicho kinapungua kwa dakika 29, na kufikia hapo sijui ni nani anayefurahia kitu.

Halafu kuna kitufe cha kurudi nyuma sekunde 30, ambacho watu wa kasi hawapendi kukitaja. Ukiwa kwenye 1.5, kila dakika moja ya kitabu inakuokolea sekunde 20. Ukirudi nyuma sekunde 30 kwa sababu hukusikia jina la mtu, kuzisikiliza upya kunakula sekunde 20. Basi, ile dakika imekwenda bure. Ukijiona unabonyeza nyuma kila mara, usilaumu akili yako wala msomaji. Punguza kasi kidogo uone kama kidole kitatulia.

Tena kasi haiokoi bando. Nimesikia mtu akidai hivyo sokoni kwa uhakika kabisa. Faili ni lile lile. MP3 ya kilobiti 64 kwa sekunde ni kama MB 29 kwa kila saa ya kitabu, uisikilize kwa 1.0 au kwa 2.0. Kama unasikiliza moja kwa moja mtandaoni, kwa 2.0 unaimaliza bando mapema zaidi, maana saa mbili za kitabu zinapita ndani ya saa moja ya mchana. Mimi napakua mahali penye Wi-Fi kisha nazima data.

Sasa namba yenyewe. 1.25 haina maana yoyote mpaka ujue nani anasoma. Kwa vitabu vya Kiingereza, watayarishaji hukadiria maneno kama 9,300 kwa saa, yaani 155 kwa dakika, lakini hayo ni makadirio. Yuko msomaji anayevuta pumzi kwenye kila mkato, na yuko anayekimbia kama anadaiwa kodi ya nyumba. Utaliona hili vizuri zaidi LibriVox. Ni mradi wa watu wa kujitolea ulioanza mwaka 2005, wanasoma vitabu ambavyo hakimiliki yake imeisha, na huwa hulipi chochote. Vitabu vingi humo wamegawana sura: ya kwanza anaisoma Mmarekani mtulivu, ya pili mtu mwingine kabisa mwenye lafudhi nyingine, ya tatu mwingine tena. Napenda sana mpango huo, na kwa bei hiyo ya sifuri hakuna wa kulalamika. Lakini kwa upande wa kitufe, maana yake ni kwamba 1.1 iliyokufaa asubuhi haikufai baada ya chai ya saa nne. Sura moja inataka 1.3, inayofuata irudishe 1.0 la sivyo utatoka mtupu.

Kuna jambo lingine ambalo washauri wa 2.0 hawalifikirii: wengi wao wanasikiliza lugha ya mama yao. Mimi nyumbani tulikuwa tunasema Kimaragoli, Kiswahili nikakipata shuleni na sokoni, Kiingereza ndiyo lugha yangu ya tatu. Riwaya ya Kiingereza naisikiliza kwa 1.1. Kitabu cha Kiingereza cha mambo ya biashara au afya, 1.0 bila aibu. Kiswahili kinapanda hadi 1.25, wakati mwingine 1.3, na hapo nasimama kwa sababu ya silabi za mwanzo. Atalipa na hatalipa vinatofautiana kwa pumzi moja. Alikupa, alinipa, aliwapa: aliyepokea amefichwa katikati ya neno, na msomaji akiharakishwa mno yeye ndiye wa kwanza kupotea. Ukishapoteza nani alimpa nani kwenye hadithi ya urithi, umepoteza hadithi.

Kazi ya mikono nayo ina sauti yake. Nikipiga mishono mirefu iliyonyooka, tuseme sketi za marinda za sare Januari wakati kila mzazi anataka jana, mkono unajua njia na 1.3 inakwenda vizuri. Nikiweka zipu au kola, narudi 1.0. Nikikata kitambaa nazima kabisa, mkasi haurudi nyuma. Ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo za kitambaa, ndiyo adui mkubwa. Ule mlio wake unameza sauti nyembamba, s na f na sh, na ukiongeza kasi juu ya hapo unabaki na vokali tupu. Wengi hupandisha sauti. Mimi nashusha kasi, nusu ya tatizo inaisha na masikio yanapona. Mvua ya jioni ikianza kupiga mabati, hakuna kasi itakayokusaidia, zima usubiri.

Msichana ninayemfundisha kushona husikiliza hadithi zake za mapenzi kwa 2.0. Alinisikiliza siku moja kwenye spika yangu akacheka: "Fundi, hiyo yako inatembea kama ng'ombe anayetoka Ahero kwa miguu." Nikamwambia anisimulie yake. Akanisimulia yote, nani alimwacha nani, mchumba ni wa wapi, mpaka rangi ya gari. Kwa hiyo siwezi kusema 2.0 ni uongo. Kwa hadithi ambayo unataka tu kujua nini kilitokea, na msikilizaji ni wa miaka 19, inafanya kazi.

Na wako wanaompita mbali. Nina mteja asiyeona, alisomea shule ya wasioona ya Kibos, ambaye simu yake humsomea kila kitu kwa TalkBack, sauti ya mashine iliyomo ndani ya Android. Mara ya kwanza nilidhani simu imeharibika. Yeye anaelewa neno kwa neno huku anachagua vifungo vya shati kwa vidole. Aliniambia siri ni mbili: amezoea kwa miaka, akiongeza kidogo kidogo, na sauti ya mashine haibadiliki. Mashine haipumui, haifanyi huzuni, haimezi mwisho wa sentensi, kwa hiyo sikio linajifunza mpangilio wake mara moja tu. Msomaji wa kweli anabadilika kila ukurasa, na ndiyo maana huwezi kuchukua kasi ya TalkBack ukaihamishia kwenye riwaya iliyosomwa na mwigizaji.

Kwa upande wa ufundi wa kitufe, programu za sasa zinafanya kazi safi kuliko watu wanavyodhani. Wenye umri wangu wanakumbuka santuri: sahani ya mizunguko 33 na theluthi ukiipiga kwa 45, mwimbaji anakuwa mtoto. Hiyo ilikuwa kasi ya 1.35 hasa, na sauti ilipanda pamoja nayo. Siku hizi programu inaikata sauti vipande vidogo sana vya sehemu ya sekunde, inaacha vingine, inaunganisha vilivyobaki kwa kuvipandishana kidogo, na sauti inabaki kwenye kimo chake. Kwa fundi, ni kupunguza kitambaa bila mshono kuonekana. Kwenye VLC, programu ya bure ya kuchezea sauti na video, kipengele hicho kiko kwenye mipangilio ya sauti. Hakikisha kimewashwa, la sivyo utarudi enzi za santuri.

Kupunguza kasi ndiko kugumu, maana hapo hakuna cha kuacha, inabidi vipande virudiwe. 0.9 inapita. 0.75 inaburuza kila vokali. Nilimwekea mama mkwe Biblia ya sauti ya Kiswahili kwa 0.75 nikidhani nimemsaidia, akanitazama: "Mwanangu, huyu mhubiri amekunywa nini?" Tukakubaliana 0.9, na huko ndiko alikobaki mpaka leo, anamaliza Zaburi zake huku akichambua omena.

Kuna programu zinazojivunia kuruka ukimya, yaani zinafupisha mapumziko kati ya sentensi badala ya kuharakisha maneno. Kwa mihadhara sawa. Kwa hadithi nimeizima na sitaiwasha tena. Msimulizi akisema "Paukwa!" lazima kuwe na nafasi ya "Pakawa!", na programu inaiona nafasi hiyo kama takataka ya kufagiwa. Hata kwenye riwaya, ukimya baada ya habari ya msiba ni kazi ya msomaji, amelipwa au amejitolea kuuweka pale.

Kwa hiyo unaponunua au kupakua, usiangalie kasi ya juu kabisa. Angalia ukubwa wa hatua. Programu inayoruka kutoka 1.0 hadi 1.25 na kutoka hapo hadi 1.5 ni sawa na duka la viatu lenye saizi tatu. Starehe yangu yote iko kati ya 1.05 na 1.3, na hapo katikati inayoruka hivyo hainipi kituo hata kimoja zaidi ya 1.25. Zinazopanda kwa 0.05 zipo, na zipo za bure. La pili, ione kama inakumbuka kasi ya kila kitabu peke yake, ili Kiingereza cha 1.0 kisiharibiwe na Kiswahili cha 1.3 ulichoacha jana. La tatu, muda uliobaki uhesabiwe kwa kasi unayotumia. Inaonekana jambo dogo, lakini mimi hupanga kazi kwa muda huo: kama sura imebaki dakika 18, naanza pindo la pazia, sianzi suti.

Kwa zile zenye hatua za 0.05, natoa nyota nne. Ya tano nimeibakiza kwa sababu kati ya zote nilizojaribu sijaona hata moja inayokumbuka kasi kwa kila sura badala ya kwa kitabu kizima, na vile vitabu vya kujitolea vyenye wasomaji kumi ndivyo vinavyolihitaji hilo. Kwa sasa, sura ikibadilika, navua pete ya kushonea, nafuta kidole chenye chaki, naenda kubonyeza mwenyewe.