Mwongozo wa Kununua: Seti za Kuunda Gari Dogo la Spoti la Zamani kwa Mkazi wa Dodoma

Mtu anayetaka kuunda mfano mdogo wa gari la spoti la zamani, wenye usukani, viti, dashibodi na nembo za ukubwa wa punje ya uwele, kwa kawaida huchagua kwa kutazama picha iliyo juu ya boksi, na hapo ndipo fedha hupotea. Ndani ya boksi nyingi za plastiki mna vipande, stika za kulowekwa kwenye maji na karatasi ya maelekezo, basi. Gundi, rangi, thina, msasa na brashi humngoja mnunuzi. Kwa aliye Dodoma jambo hilo ni zito zaidi, kwa sababu makopo ya rangi ya kupuliza, pamoja na rangi na gundi zinazoshika moto kwa urahisi, hayaruhusiwi katika vifurushi vya posta vinavyosafirishwa kwa ndege. Seti itafika, rangi yake haitafika. Kwa hiyo nimezipanga seti hizi kwa kuangalia kama mtu anaweza kuimaliza kazi hapa hapa mjini, kwa vitu vilivyopo madukani, katika ukavu na vumbi tunalolijua.

Kuhusu ukubwa, ninapendekeza uwiano wa 1:24, yaani urefu wa mfano ni sehemu moja ya 24 ya gari halisi, ambao ndio wenye magari mengi zaidi. Jaguar E-Type, iliyozinduliwa Geneva mwaka 1961 na yenye urefu wa takribani mita 4.45, katika uwiano huo huwa na sentimita 18 na nusu hivi, na hutosha kwenye rafu ya vitabu. Katika 1:32 hupungua hadi sentimita 14, na vipande vya dashibodi vinakuwa vidogo mno kwa macho ya anayeanza. Katika 1:8 huzidi nusu mita, nawe utahitaji meza yake peke yake.

Nafasi ya kwanza ninaipa seti ya plastiki ya Kijapani ya 1:24, na kama utanunua moja tu, nunua Datsun 240Z. Sababu ya kwanza ni ya ufundi. Kampuni kama Tamiya, iliyoanza Shizuoka mwaka 1946, na Hasegawa hutengeneza vipande vinavyokutana bila mwanya, hivyo hutahitaji kujaza pati na kupiga msasa kwa siku tatu kabla ya kuona umbo la gari. Sababu ya pili ni ya kwetu. Gari hilo lilishinda mbio za East African Safari mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta, zama ambazo mbio hizo bado zilibeba jina la Afrika Mashariki, na Hasegawa imewahi kutoa seti yenye alama za gari lililoshinda mwaka 1971. Gari lenyewe lilikuwa jekundu lenye boneti nyeusi, rangi mbili ambazo hakuna duka la rangi za magari litakalokwambia hazipo.

Rangi za magari zinafaa, lakini kwa masharti. Thina yake ni kali na huila plastiki ya seti, kwa hiyo bodi lazima ipigwe kwanza praima kwa tabaka jepesi mno, iachwe ikauke kabisa, kisha tabaka la pili, ndipo rangi ifuate. Ijaribu kwanza kwenye fremu iliyobaki baada ya kukata vipande. Ikiacha mikunjo kama ngozi ya maziwa, jua kwamba umepuliza nzito. Kati ya Juni na Septemba, upepo mkavu unapovuma, rangi hukauka hewani kabla haijaigusa bodi, nayo bodi hubaki na ukwaru kama wa ulimi wa paka. Dawa yake ni kupuliza alfajiri, kwa ukaribu kidogo kuliko maelekezo yanavyosema, katika chumba ambacho sakafu yake imenyunyiziwa maji ili vumbi litulie. Wakati wa mvua shida hugeuka: unyevu ukiwa mwingi, rangi ya kung'aa huweza kufifia na kuwa na ukungu mweupe, na ni heri kuiahirisha kazi hadi siku ya jua.

Gari la Safari lina faida nyingine ambayo hakuna muuzaji atakayeitaja: likiingiwa na vumbi, halijaharibika. Nilichukua udongo mwekundu wa nje ya nyumba, nikauchekecha kwa kipande cha khanga kuukuu, nikaupaka kwa brashi kavu kuzunguka magurudumu na chini ya milango, kisha nikaufunika kwa vanishi isiyong'aa. Hakuna rangi ya dukani inayofanana na vumbi la nchi kavu kuliko vumbi lenyewe.

Ukishamaliza 240Z na mkono umetulia, seti ya Tamiya ya Mercedes-Benz 300 SL inastahili kuwa ya pili. Gari hilo, lililotengenezwa kati ya 1954 na 1957 kwa idadi ya takribani 1,400, lina milango inayofunguka kwenda juu kwa sababu fremu yake ya mabomba ilipita ubavuni kwa kimo kisichoruhusu mlango wa kawaida. Seti hiyo inakupa fremu yenyewe pamoja na injini, nawe utaielewa sababu hiyo kwa vidole vyako. Angalia jambo hilo kabla ya kulipa: seti nyingi za 1:24 hazina injini kabisa na boneti yake haifunguki, wala picha ya boksi haitakuonya. Nje ya nchi seti hizi huuzwa kwa takribani dola 30 hadi 50 za Marekani, kisha uongeze nauli, ushuru wa forodha, na VAT ya asilimia 18.

Nafasi ya pili ni seti za chuma za kufunga kwa bisibisi, hasa zile za kampuni ya Maisto za 1:24. Bodi huja ikiwa imekwisha kupakwa rangi kiwandani, bisibisi imo ndani ya boksi, na gundi haihitajiki. Undani wake ni mdogo kuliko wa plastiki, vichwa vya skrubu huonekana chini, na mistari ya milango ni minene. Hata hivyo, kwa mwanafunzi wa chuo anayeishi chumba kimoja, asiye na mahali pa kupulizia rangi bila kumkera mwenye nyumba, ningeiweka hii ya kwanza bila kusita.

Ya tatu ni seti za kampuni ya Revell zinazouzwa pamoja na rangi, gundi na brashi. Ubora wake kwetu ni kwamba rangi zake ni za maji, kwa hiyo tatizo la ndege hupungua, na kila boksi huonyesha kiwango cha ugumu kuanzia 1 hadi 5. Anayeanza achukue cha 3. Hazikufika juu zaidi kwa sababu bodi ya gari la spoti inataka kung'aa kama kioo, na brashi, hata mkononi mwa fundi, huacha mistari. Vipande navyo hutofautiana sana: seti mpya zimenyooka, lakini nyingine hutoka kwenye kalibu za miongo iliyopita zilizotiwa boksi jipya, na vipande vyake vina mabaki ya plastiki pembeni yanayohitaji msasa mrefu.

Ya nne ni matofali ya plastiki ya kuchezea ya Lego. Porsche 911 yao ya mwaka 2021 ina vipande 1,458, ilitoka kwa bei ya takribani dola 150 huko Marekani, na kuijenga kunaburudisha kweli. Lakini anayetafuta mfano wenye undani wa gari halisi atabaki na gari lenye vidutu kwenye boneti. Kama ni zawadi ya mtoto wa miaka kumi na minne, nunua. Kama ni kwa haja iliyoelezwa hapa, fedha hiyo inatosha seti mbili za Kijapani na rangi zake.

Ya mwisho kabisa ni magari makubwa ya 1:8 yanayouzwa kwa mafungu, kila toleo na vipande vichache, mwaka mzima au zaidi. Jumla yake ni kubwa kuliko toleo la kwanza linavyokudanganya, kila fungu linalipiwa nauli yake, na kampuni moja ya Uingereza iliyouza magari ya namna hiyo ilifilisika mwaka 2022. Gari lililoachwa nusu, lisilo na milango, haliuziki.

Popote utakaponunua, iwe kwa muuzaji wa Dar es Salaam anayekutumia kwa basi au kwa wakala wa mizigo ya nje, fungua boksi mbele ya anayekukabidhi, hesabu fremu zinazoshika vipande kwa kufuata ukurasa wa vipande, na anza na mfuko wa vioo, kwa kuwa ndio unaochanika kwanza. Usikubali kuambiwa kwamba mfuko ukifunguliwa seti hairudishwi. Jambo hilo lijadili kabla ya kutuma fedha. Na vioo hivyo usivigandishe kwa supaglu, maana mvuke wake huviacha na ukungu usiofutika. Gundi nyeupe ya mbao inatosha. Mimi niliipokea Jaguar yangu jioni, nikiwa na haraka, nikaweka sahihi na kuondoka, na kioo chake cha mbele hadi leo ni kipande nilichokata kwenye mfuniko wa boksi la keki.