Léoville Barton 1996 mezani: umeiva, ila unataka mkono mwepesi

Mvinyo huu unatoka Saint-Julien, Bordeaux, Ufaransa, shamba lililowekwa daraja la pili katika orodha ya mwaka 1855 ya mashamba bora ya mvinyo ya Bordeaux na kumilikiwa na familia ya Barton tangu 1826. Sehemu kubwa ni Cabernet Sauvignon, zabibu iliyoiva vizuri sana kule Médoc, eneo la Bordeaux ilipo Saint-Julien, mwaka 1996, ndiyo maana bado una uti wa mgongo.

Kwenye glasi, katikati ni wekundu uliokolea; ukingoni umegeuka rangi ya tofali. Dakika za kwanza pua hupata ngozi na majani makavu tu. Usikate tamaa. Baada ya nusu saa hivi huja mwerezi, ule wa penseli iliyochongwa sasa hivi, kisha tumbaku na plamu. Tanini, ile dutu ya maganda ya zabibu inayokausha mdomo, bado inakamata ufizi, ila kwa upole, na uchachu wake unaufanya ulimi utake funda jingine. Mzuri mno.

Wengi huuharibu wakati wa kuufungua. Simamisha chupa saa 24 au zaidi ili mashapo yatue chini. Si uchafu: ni tanini na rangi vilivyoshikamana kwa miaka, lakini yakiingia kwenye glasi ni machungu na yanakwaruza. Kizibo cha umri huu hukatika kwa kizibuo cha parafujo, hivyo tumia cha meno mawili bapa. Ingiza jino refu kwanza kati ya kizibo na kioo, sukuma ukiyumbisha, halafu zungusha huku ukivuta. Mimina polepole kwenye jagi la kioo bila kusita, mwanga ukiwa chini ya shingo ya chupa. Uzi mweusi wa mashapo ukifika begani, acha hapo. Mililita 40 hivi zitabaki, zisikuume.

Unywe ukiwa nyuzi 17, ndani ya saa moja na nusu. Ukikaa jagini jioni nzima, harufu huondoka. Nyama ya kondoo ya kuoka, chumvi tu, inautosha. Pilipili na siki huufanya mkali.

Ukinuka boksi lililolowa, kizibo kimeuharibu na hewa haitausaidia. Kabla ya kununua, angalia kimo cha mvinyo ndani ya chupa: ukiwa shingoni, chukua, ukiwa umeshuka hadi katikati ya bega, achana nao.