Ombudsman na faili langu la taka: nyota nne, ya tano nimeibakiza mfukoni

Nimefanya kazi ya masjala miaka 26. Kupokea barua, kuigonga muhuri, kuipa namba, kuhakikisha haipotei kabla ya kufika mezani kwa mkubwa. Ndiyo maana nikiingia ofisi yoyote sitazami viti wala tabasamu la mapokezi. Natazama faili. Ofisi ya ombudsman, yaani mchunguzi huru wa malalamiko ya wananchi dhidi ya ofisi za umma, nimeitumia miezi saba kuilalamikia halmashauri yetu, na ninayoyasema hapa ni ya mtu aliyeitazama kwa macho hayo.

Jambo lenyewe lilikuwa dogo: gari la taka. Uchochoro wetu una nyumba 11. Gari lilikuwa linapita kila Jumanne, halafu Jumanne moja halikuja, wala iliyofuata, wala ile ya baada yake. Ada tukaendelea kulipa kama kawaida, maana ada haijawahi kusahau njia ya kuja kwetu. Nilipiga simu halmashauri mara nne. Mara zote jibu lilikuwa "tunalishughulikia", neno ambalo sisi wa masjala tunalifahamu vizuri: faili lako limewekwa chini ya faili la mwenzako. Kufikia wiki ya sita mifuko ilikuwa usawa wa dirisha la jirani, na paka wa eneo zima walikuwa wamehamia kwetu na watoto wao.

Nikaenda kwa ombudsman na hasira zangu. Nilijaza fomu, nikabandika kurasa mbili za maelezo, nikaandika "UZEMBE" kwa herufi kubwa sehemu tatu. Siku ya tisa barua ikarudi: lalamiko limekuja kabla ya wakati wake. Kwanza nilipeleke kwa halmashauri yenyewe kupitia utaratibu wake wa malalamiko, niwape nafasi ya kujibu, na wakininyamazia au wakijibu ovyo ndipo nirudi. Mke wangu aliisoma barua ile mara moja tu, akasema ndiyo ile kesi ya ngedere kumpelekea nyani.

Hapo ndipo watu wengi wanakata tamaa, na hapo ndipo ofisi hii inapoteza nyota yake kwangu. Utaratibu wenyewe hauna kosa. Mlalamikiwa lazima apate nafasi ya kurekebisha kosa lake kabla mtu wa nje hajaingia, na ombudsman akipokea kila kitu kuanzia sifuri atazama kwenye karatasi kabla mwaka haujaisha. Kosa ni kwamba sharti hilo lilikuwa limeandikwa ukurasa wa nyuma wa fomu, kwa maandishi ambayo nilihitaji miwani ya pili kuyasoma. Lingekuwa swali la kwanza mbele kabisa, "Je, umeshawaandikia halmashauri? Lini?", ningeokoa wiki tatu.

Ila nikiri kitu. Nilipokaa kuiandikia halmashauri nikagundua kwamba mimi, karani mzima, sikuwa na karatasi hata moja. Nilikuwa na simu nne, na simu haina muhuri. Nani alipokea? Siku gani? Alisema nini? Nilikuwa nabahatisha. Nikaandika barua ya ukurasa mmoja, nikaipeleka kwa mkono, nikasubiri nakala yangu igongwe muhuri wa kupokelewa. Kijana wa dirishani alinitazama kama niliyemwomba figo. Niliondoka na muhuri wangu. Wiki nane zikapita kimya, na kimya chenye tarehe ni ushahidi.

Niseme kidogo ombudsman ni nani, kwa sababu jirani yangu mpaka leo anadhani ni wakili wa bure. Si wakili wako, si hakimu, na wala hatoki halmashauri. Ni mchunguzi huru anayeuliza kama ofisi ya umma ilimtendea mwananchi ipasavyo: ilifuata taratibu zake yenyewe, ilijibu kwa wakati, haikubagua, haikusahau. Neno limetoka Sweden, ambako ofisi ya namna hii iliwekwa na katiba ya mwaka 1809. New Zealand waliichukua mwaka 1962, na Tanzania ikaanzisha Tume ya Kudumu ya Uchunguzi mwaka 1966, ya kwanza Afrika. England kwa upande wake iliona halmashauri zinahitaji mchunguzi wao peke yao, ikaweka tume ya kazi hiyo kwa sheria ya mwaka 1974. Kule ukikaa na dukuduku lako zaidi ya miezi 12 tangu ulipolijua jambo, kwa kawaida hawalipokei. Kwingine muda ni tofauti, lakini karibu kila mahali upo, kwa hiyo usilale. Malipo hakuna. Kanuni za Venice za mwaka 2019, zile 25 zinazosema ombudsman anapaswa kuwaje, zinataka kulalamika kuwe bure, na kwangu ilikuwa bure kweli, ukiondoa viatu.

Mara ya pili nilirudi na jalada: barua yenye muhuri, stakabadhi za ada, na kalenda ya ukutani niliyoizungushia kila Jumanne kwa kalamu nyekundu. Lalamiko likasajiliwa, nikapewa kumbukumbu namba. Siku nne baadaye akanipigia afisa mmoja, sauti ya kijana lakini mtulivu.

"Mzee wangu, nimesoma jalada lako lote," akaanza. "Naomba nikuulize mambo mawili. Wewe na nyumba yako mmepata madhara gani? Na ungependa nini kifanyike?"

Swali la kwanza nililijibu bila kupumua. La pili lilinikwamisha. Nilikuwa na miezi ya hasira lakini sikuwa nimewahi kujiuliza nikishinda nitashinda nini. Mwishowe nikasema matatu: gari lirudi, ada iliyopandishwa mwaka huu ishushwe, na yule afisa aliyenijibu kwa jeuri kwenye simu ya tatu afukuzwe kazi.

Akanichambulia kama anayepepeta. Gari, ndiyo, hilo ni lake. Ada kupanda, hapana: huo ni uamuzi wa madiwani kwenye kikao halali, na yeye hachunguzi kama sera ni nzuri au mbaya, anachunguza kama ilitekelezwa sawasawa. Anaweza kuangalia ada niliyolipa kwa huduma ambayo sikuipata, hilo ni jambo jingine. Na kumfukuza mtu kazi si mamlaka yake kabisa. Nilikata simu nikiwa nimebaki na lalamiko moja na nusu. Sikufurahi, lakini kwa mara ya kwanza nilijua ninacholalamikia.

Sasa uchunguzi, sehemu ambayo ingenifanya nitoe nyota sita kama zingekuwapo.

Halmashauri walijibu kwamba gari lilipita kila wiki bila kukosa. Ningekuwa peke yangu, kesi ingeishia hapo; neno langu na lao, na wao wana barua yenye nembo. Afisa hakubishana nao. Aliwaomba tu karatasi za safari za gari, zile ambazo dereva anatia alama ya vema kila anapomaliza mtaa. Zikaletwa. Alinionyesha nakala baadaye, na mimi niliyeishi na karatasi maisha yangu yote niliziweka mezani nikazitazama kwa raha kama mtu anayetazama picha za harusi.

Alama za vema zilikuwa zimepangwa safi mno. Wino mmoja, mkono mmoja, mteremko mmoja, wiki kumi na mbili mfululizo. Karatasi ya dereva wa kweli ina doa la mafuta, ina mkunjo wa mfukoni, alama moja imetoka nje ya kisanduku kwa sababu gari lilikuwa linatikisika. Hizi zilikuwa zimejazwa mezani, siku moja, na mtu aliyekaa. Lakini huo haukuwa ugunduzi mkubwa. Ugunduzi ni kwamba hata kwenye karatasi hizo za kughushi uchochoro wetu haukuwapo. Halmashauri walikuwa wameunganisha njia mbili za magari kuwa moja, na aliyenakili orodha mpya aliruka mstari. Mstari mmoja! Dereva hakutukwepa. Kwenye karatasi yake hatukuwa tunaishi duniani.

Nilicheka, halafu nikanyamaza, maana mimi pia nimewahi kuruka mstari. Nilijiuliza ni nani alilipia lile kosa langu, na sikukumbuka.

Kabla ya uamuzi, wakatuma rasimu kwa pande zote mbili tuisome na kutoa maoni. Hili sikulitarajia. Nilikuta tarehe moja imekosewa, barua yangu imeandikwa kupokelewa siku sita baada ya muhuri. Nikawaandikia, wakasahihisha. Halmashauri nao walitoa maoni yao: kwamba nyumba 11 ni chache. Afisa akaliandika hilo kwenye uamuzi wa mwisho neno kwa neno, bila kuongeza lolote, na nadhani alijua anachofanya.

Uamuzi ulisema kosa limepatikana na madhara yamepatikana. Halmashauri iombe radhi, irudishe ada za miezi ambayo gari halikuja kwa nyumba zote 11 wala si yangu peke yangu, irudishe uchochoro kwenye njia, na ipitie orodha nzima kuona ni nani wengine walirukwa pale njia zilipounganishwa. Sehemu ya mwisho sikuiomba. Kumbe mitaa mingine miwili ilikuwa imepotea kwenye karatasi ileile, na huko hakuna aliyelalamika.

Barua ya radhi ya kwanza ilisema halmashauri "inasikitika kwa usumbufu uliojitokeza". Ulijitokeza, wenyewe, kama uyoga baada ya mvua. Ombudsman aliirudisha, akataka waseme nani alifanya nini. Ya pili ilikuwa na sentensi hii: "Tuliuacha uchochoro wenu nje ya orodha na tukajibu malalamiko yenu bila kuangalia." Nimeitunza.

Kasoro? Zipo, na nisizifiche kwa sababu nilishinda. Miezi saba ni mingi kwa mtu anayeishi na mifuko dirishani. Kulikuwa na wiki kumi katikati ambazo sikusikia neno. Nilipopiga simu niliambiwa uchunguzi unaendelea, jibu ambalo ni binamu wa "tunalishughulikia". Fomu ya intaneti haikutumii nakala ya ulichoandika ukishabonyeza, jambo ambalo kwa mtu wa masjala ni dhambi. Ipige picha kabla ya kubonyeza. Na barua zao zinaandikwa kwa lugha ya kupanda mlima: mama wa nyumba ya tisa alinijia na yake akiuliza kama "mapendekezo ya kurekebisha hali" maana yake ameshinda au ameshindwa.

Halafu liko suala la meno. Ombudsman wetu, kama wenzake wengi duniani, anapendekeza, haamrishi. Halmashauri ingeweza kukataa, na silaha ya ombudsman ingekuwa kuchapisha taarifa ya wazi na kuipeleka kwa wawakilishi, wasomewe aibu mbele ya watu. Jirani yangu anasema mbwa asiye na meno ni mapambo. Mimi sikubaliani naye sana. Mahakamani ningehitaji wakili, ada za kufungua shauri na miaka, na hakuna hakimu ambaye angeomba karatasi za dereva kwa ajili ya mifuko ya taka. Huyu aliziomba, na walipoulizwa kwa maandishi na mtu atakayeyasoma majibu, walijibu. Baada ya uamuzi aliwataka pia ushahidi wa utekelezaji: orodha mpya, stakabadhi za marejesho, na tarehe.

Nani aende? Mtu ambaye halmashauri imemsahau, imemcheleweshea, imempoteza kwenye orodha au imempa jibu la uongo. Ukitaka kupinga kodi, kumwondoa diwani au kugombana na jirani kuhusu mpaka, utarudishwa mlangoni na utakuwa umepoteza nauli. Na ukienda, usibebe hasira kurasa mbili kama mimi. Ukurasa mmoja, tarehe zimepangwa, na mwisho useme unataka nini.

Nyota nne. Ya tano nitaitoa wakiligeuza lile swali la ukurasa wa nyuma kuwa la kwanza.

Gari sasa linapita kila Jumanne, na dereva ananipungia mkono. Nimeiona karatasi yake, ina doa la mafuta. Ila taa ya barabarani kwenye kona imezimika mwezi huu. Nimeandika barua, ukurasa mmoja, nimeipeleka kwa mkono. Kijana wa dirishani aliponiona tu alichukua muhuri kabla sijafungua mdomo. Leo ni siku ya tisa.